Makosa katika tamthilia za vita za televisheni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huibuka kila tamthilia mpya ya vita inapoanza kurushwa. Mengi yanahusu Vita vya Pili vya Dunia, kwa kuwa huko ndiko watayarishaji wanakokimbilia zaidi. Kila jibu linajitegemea. Pale linapohitaji jingine, namba ya swali imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Kosa la historia na kosa la utayarishaji yanatofautianaje?

Kosa la historia ni pale kinachoonyeshwa kinapogongana na kilichotokea: silaha ambayo ilikuwa haijaundwa, kikosi kilichokuwa mahali pengine siku hiyo, mtu kuuawa kwenye skrini ilhali aliishi miaka ishirini zaidi. Kosa la utayarishaji ni la kazi yenyewe ya kupiga na kuhariri picha: sigara inayorefuka badala ya kufupika, moshi wa ndege ya abiria angani mwaka 1944, kivuli cha maikrofoni ukutani.

Kuna kundi la tatu ambalo watu hulisahau, nalo ni uamuzi wa makusudi. Mwandishi anayeunganisha askari watatu halisi kuwa mhusika mmoja hajateleza; amechagua. Unaweza kuulaumu uchaguzi wake, lakini usiuite kosa. Mabishano mengi huzaliwa hapa, kwa sababu kila upande unazungumzia kundi tofauti.

2. Kama kuna mshauri wa kijeshi, makosa yanapitaje?

Mshauri hutoa ushauri; haongozi. Akisema kifaru hicho hakikuwepo mwaka 1942, mtayarishaji anaweza kumjibu kwamba ndicho kilichopatikana na kimeshalipiwa siku tatu. Pia mshauri mara nyingi ni mtaalamu wa jambo moja. Aliyekaa jeshini miaka ishirini atawafundisha waigizaji kushika bunduki vizuri, lakini huenda hajui siagi iligawiwaje Uingereza mwaka 1941.

Sababu nyingine ni mpangilio wa kazi. Matukio hayapigwi kwa mfuatano wa hadithi. Yote ya eneo moja hupigwa kwa mkupuo. Askari anaweza kurekodiwa asubuhi akiwa Normandy na mchana akiwa Uholanzi miezi mitatu baadaye. Mtu wa mavazi akisahau kumbadilishia koti, kosa limeshaingia.

3. Maneno "kisa cha kweli" yanabeba ahadi gani?

Ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kwa kawaida yanamaanisha kwamba vita, mahali na baadhi ya watu vilikuwepo. Mazungumzo karibu yote ni ya kubuni. Ahadi huwa nzito zaidi pale maandishi yanapotokea kwenye skrini nyeusi yakitaja jina, tarehe na hatima ya mtu. Hapo tamthilia imeacha kuigiza na inatoa taarifa, na kosa la hapo halina kisingizio. Mfano mbaya kuliko yote uko kwenye swali la 19.

## Silaha na milipuko

4. Mbona risasi haziishi?

Kwa sababu kubadilisha magazini kunakata mwendo wa tukio. Hesabu yenyewe ni rahisi. MP 40 ya Wajerumani ina risasi 32 na hupiga takriban 500 kwa dakika, hivyo ukibana kifyatulio magazini inaisha ndani ya sekunde nne. Thompson yenye risasi 30, ikipiga takriban 700 kwa dakika, haifiki sekunde tatu. PPSh-41 ya Wasovieti, pamoja na ngoma yake ya risasi 71, inamaliza ndani ya sekunde tano. Bunduki za kawaida ni bahili zaidi: Kar98k ina risasi 5, Lee-Enfield 10, M1 Garand 8.

Garand ina jambo lake. Risasi zake nane huingia zikiwa zimeshikwa pamoja na kibanio cha chuma, na ya mwisho ikitoka kibanio huruka juu kwa mlio mkali. Ukisikia mlio huo baada ya milio mitatu, au ukimwona mwigizaji akiongeza risasi mojamoja katikati ya mapigano, mhariri au mwigizaji hajui anachokishika.

MG 42, bunduki ya rashasha ya Wajerumani, nayo hupiga takriban risasi 1,200 kwa dakika, yaani ishirini kila sekunde. Mtutu wake hupata moto haraka na ulibadilishwa kila baada ya risasi kama 250. Tamthilia inayoonyesha mtu wa pili amelala kando na mtutu wa akiba imefanya kazi yake.

5. Bomu la mkono hutoa mpira wa moto?

Hapana. Lina baruti kidogo. Mk 2 ya Wamarekani ilibeba gramu 50 hadi 60 tu. Kinachoonekana ni mweko wa kufumba na kufumbua, kisha vumbi na moshi wa kijivu, na mlio mkavu. Kinachoua ni vipande vya chuma. Moto wa rangi ya machungwa unaopanda juu ya nyumba ni petroli iliyorushwa na baruti ndogo, kwa sababu kamera hupenda moto.

Ile mimea ya udongo inayochipuka mbele ya askari wanaokimbia hutoka kwenye vyungu vya chuma vilivyofukiwa, mdomo juu, vikajazwa udongo laini na vipande vya kizibo. Nguvu yote huenda juu, ndiyo maana mwigizaji anaweza kupita karibu bila kuumia. Kombora halisi hutawanya vipande pembeni. Na kuchomoa pini kwa meno? Miguu ya pini hukunjwa isitoke ovyo, jino litatangulia.

6. Kwa nini mwali wa bunduki ni mkubwa, na kishindo hufika pamoja na mwanga?

Bunduki nyingi za tamthilia hupiga risasi baridi, yaani zenye baruti bila kichwa. Bunduki inayojijaza yenyewe hutegemea msukumo wa gesi, na pasipo kichwa cha risasi msukumo hautoshi. Mtutu hubanwa kwa ndani ili gesi irudi nyuma, na mwali unaotoka huwa mkubwa kuliko wa kweli. Siku hizi mwali huongezwa na kompyuta. Utaujua kwa sababu hauangazi uso wa mpigaji wala ukuta ulio kando yake.

Kuhusu sauti: husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Mlipuko ulio umbali wa kilomita moja unapaswa kuonekana, kisha ukahesabu moja, mbili, tatu ndipo usikike. Wahariri wanalijua hilo. Wanalipuuza kwa kuwa mtazamaji hudhani sauti imeharibika.

7. Nitajuaje kama silaha ilikuwepo mwaka huo?

Linganisha tarehe ya tukio na mwaka silaha ilipofika vitani, si mwaka ilipobuniwa. Zinazokosewa mara kwa mara ni hizi:

- T-34, kifaru cha Wasovieti, yenye mzinga wa milimita 85 ilianza kutengenezwa mwaka 1944, lakini huonekana Stalingrad mwaka 1942.
- Tiger I, kifaru cha Wajerumani, ilionekana vitani kwa mara ya kwanza karibu na Leningrad mwishoni mwa Agosti 1942. Haina nafasi Ufaransa mwaka 1940.
- Panther, kifaru kingine cha Wajerumani, iliingia vitani Kursk, Julai 1943.
- Kofia ya chuma ya Wajerumani ilisambazwa mwaka 1916. Tukio la Agosti 1914 linataka kofia ya ngozi yenye mkuki juu.
- Kifaru chochote kabla ya Septemba 15, 1916 ni kosa.

## Vifaru, magari na ndege

8. Kwa nini kifaru cha Tiger hakionekani sawasawa?

Kwa sababu huenda ni T-34 iliyovalishwa mabati. Tiger I zilitengenezwa takriban 1,350 tu, na inayojulikana kwa kutembea kwa injini yake hadi leo ni ile namba 131 iliyotekwa Tunisia mwaka 1943, ambayo iko jumba la makumbusho la Bovington, Uingereza. T-34 ziliendelea kuundwa baada ya vita, zikabaki nyingi na kwa bei nafuu. Tamthilia ya Band of Brothers ya mwaka 2001 ilitumia Tiger za namna hii.

Usitazame mzinga, tazama magurudumu. T-34 ina magurudumu makubwa matano kila upande, yenye nafasi kati yake. Tiger ina safu za magurudumu yanayopishana na kufunikana kama magamba ya samaki, huwezi kuyahesabu kwa haraka. Kisha tafuta gurudumu la meno linalovuta mnyororo: kwenye T-34 liko nyuma, kwenye Tiger liko mbele. Mafundi wanaweza kubandika bati lolote juu, lakini kuhamisha gurudumu la meno ni kuunda kifaru upya.

Gari la nusu minyororo la Wajerumani, Sd.Kfz. 251, nalo mara nyingi huchezwa na OT-810 ya Chekoslovakia, iliyotengenezwa baada ya vita. Sura yake inafanana sana kwa kuwa ilitokana na muundo uleule. Hili mimi hulisamehe.

9. Jeep zote si zilifanana?

Zilifanana, lakini hazikuwa moja. Jeep ya vita, iwe ya Willys au ya Ford, ina nafasi tisa wima kwenye bati la mbele. Zile za awali kabisa zilikuwa na vyuma vilivyochomelewa badala ya bati. Ya kiraia iliyoanza mwaka 1945 ina nafasi saba, taa kubwa zaidi na mlango wa nyuma wa kushushwa. Ukiona Jeep Normandy yenye nafasi saba na tairi la akiba ubavuni, ilinunuliwa na mkulima kabla ya kuajiriwa jeshini.

10. Ndege za Wajerumani zina kasoro gani hasa?

Nyingi zina injini ya adui. Hispania iliendelea kuunda Messerschmitt Bf 109 baada ya vita ikiwa na injini ya Rolls-Royce Merlin ya Uingereza, ikaitwa Buchón. Injini ya awali ya Kijerumani ilikaa kichwa chini, hivyo ekzosi zake ziko chini ya pua ya ndege. Merlin imesimama, ekzosi ziko juu, na chini ya pua kuna kidevu kinene. Ukishaiona mara moja hutaacha kuiona. Ndege ya kudondosha mabomu ya Heinkel He 111 ina pacha wake wa Kihispania, naye akiwa na injini za Merlin.

Upande wa Uingereza, Spitfire yenye pangaboi la mapanga manne ni ya baadaye. Mk IX iliingia kazini mwaka 1942, kwa hiyo haifai kupigania London mwaka 1940. Mfululizo wa Piece of Cake wa mwaka 1988 uliwaweka marubani wa Spitfire Ufaransa mwaka 1939 na 1940, wakati vikosi vya kivita vya Waingereza vilivyokuwa huko viliruka hasa na Hurricane. Riwaya yake ilisema Hurricane. Hazikupatikana za kutosha zinazoruka.

11. Alama zilizopakwa kwenye ndege na bendera zinaweza kutoa tarehe?

Vizuri kuliko kitu kingine chochote. Mistari myeusi na meupe ya uvamizi ilipakwa siku mbili tatu kabla ya Juni 6, 1944, siku ya uvamizi wa Normandy. Ndege yenye mistari hiyo mwezi Machi imekosea kalenda. Nyota ya ndege za Marekani ilikuwa na doa jekundu katikati hadi Mei 1942. Ikaongezwa mabawa meupe pembeni katikati ya mwaka 1943. Mistari myekundu ndani ya mabawa ililetwa Januari 1947.

Bendera ya Marekani wakati wa vita vyote viwili vya dunia ilikuwa na nyota 48, safu sita zenye nyota nane nane zilizonyooka kama askari gwarideni. Zikiwa zimepishana, ni bendera ya nyota 50, ambayo imetumika tangu Julai 4, 1960.

## Sare, saluti na lugha

12. Ni makosa gani ya sare yanayojirudia zaidi?

La kwanza ni watu wa SS, kikosi cha chama cha Nazi, kuvaa nyeusi uwanja wa vita mwaka 1944. Sare nyeusi ilikuwa imekaribia kutoweka vita vilipoanza. Vitani walivaa rangi ya kijivu au madoadoa. Waliobaki na nyeusi ni askari wa vifaru, wakiwemo wa jeshi la kawaida, jambo linalozidi kuwachanganya watazamaji.

La pili ni usafi. Sare mpya kutoka ghalani huchakazwa kwa msasa, chai na brashi ya waya, na mara nyingi huchakazwa kila mahali kwa usawa. Nguo ya mtu aliyeishi handakini huchakaa magotini, viwikoni na mahali mkanda unaposugua. Chini ya mkanda rangi hubaki.

Askari wa miavuli wa Marekani waliruka Normandy wakiwa na koti la mwaka 1942, lenye mifuko ya kifuani iliyoinama. Koti la M-1943 walilivaa Uholanzi Septemba 1944. Kofia ya chuma ya M1 nayo ina tarehe yake: mshono wa ukingo ulikuwa mbele, ukahamishiwa nyuma kuelekea mwisho wa mwaka 1944. Hilo la mwisho ni la wenye macho ya mwewe.

13. Saluti hukosewaje?

Mwingereza hapigi saluti akiwa kichwa wazi. Ukimwona luteni asiye na kofia akipiga saluti mbele ya meza ya meja, hilo ni kosa. Jeshi la nchi kavu la Uingereza huonyesha kiganja mbele; wanamaji hukilaza kiganja kielekee chini.

Kwa Wajerumani, saluti ya kunyoosha mkono ilifanywa ya lazima kwa jeshi lote Julai 24, 1944, baada ya jaribio la kumuua Hitler. Kabla ya hapo, askari wa kawaida aliyevaa kofia alipiga saluti ya kijeshi kama majeshi mengine. Tamthilia inayowanyoosha mikono maofisa wote mwaka 1940 inafuata picha iliyozoeleka, si kanuni.

Mstari wa mbele wenye akili zao hawakumpigia ofisa saluti. Ilikuwa ni kumwonyesha mdunguaji wa kumlenga. Ndiyo maana maofisa wa Marekani Normandy walichora mstari mweupe wima nyuma ya kofia, ambapo watu wao wangeuona na adui asiuone.

14. Mawasiliano ya redio yana makosa gani?

"Alfa, Bravo, Charlie" kama majina ya herufi redioni ilianza kutumika rasmi Machi 1, 1956. Wakati wa vita Wamarekani walisema "Able, Baker, Charlie, Dog, Easy", ndiyo maana kombania E iliitwa Easy; leo ingeitwa Echo. Askari wa mwaka 1944 anayesema "Tango" au "Foxtrot" amekosea kwa miaka kumi na miwili.

Kosa jingine ni kufunga mazungumzo kwa "over and out". Neno la kwanza lamaanisha nimemaliza, nasubiri jibu. La pili lamaanisha nimefunga. Hayawezi kukaa pamoja. Tazama pia ukubwa wa redio: ile ya kushika mkononi, SCR-536, ilifika takriban kilomita moja na nusu tu. Kuitisha ndege ya nchi nyingine kwa redio hiyo ni miujiza.

15. Maneno ya leo yanaingiaje mdomoni mwa watu wa zamani?

Kwa uzembe wa mswada. Jina la kitaalamu la msongo wa baada ya kiwewe liliingia kwenye mwongozo rasmi wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980. Daktari wa mwaka 1943 angesema uchovu wa vita. Na mtu wa mwaka 1917 hakuviita Vita vya Kwanza katika mazungumzo ya kawaida. Kwake vilikuwa Vita Kuu.

## Maisha ya raia na nyaraka

16. Matukio ya mjini Uingereza hukosea wapi?

Kwenye mwanga, chakula na saa.

Amri ya kuzima taa ilianza Septemba 1, 1939, siku mbili kabla ya Uingereza kutangaza vita, na ililegezwa Septemba 1944. Gari la usiku mwaka 1941 lenye taa mbili zinazowaka waziwazi ni kosa. Taa zilifunikwa kwa vifuniko vyenye mianya.

Mgao wa chakula ulianza Januari 8, 1940 kwa nyama ya nguruwe iliyokaushwa, siagi na sukari. Nguo ziliingia Juni 1, 1941, sabuni Februari 1942. Mkate haukugawiwa kwa kadi wakati wa vita hata siku moja. Uligawiwa kuanzia Julai 1946 hadi Julai 1948. Mwandishi anayemtoa mama machozi kwa kukosa kadi ya mkate mwaka 1942 amechanganya vita na amani.

Saa ndiyo inayowanasa hata waangalifu. Kuanzia 1941 hadi 1945, majira ya joto Uingereza ilisogeza saa mbili mbele ya saa ya Greenwich. Mapema Juni 1944 jua la London lilizama baada ya saa nne usiku. Tukio la giza totoro saa tatu usiku, mwezi huo, haliwezekani.

Na televisheni sebuleni: BBC ilizima matangazo ya televisheni Septemba 1, 1939 na kuyarudisha Juni 7, 1946.

17. Barua, ramani na nyaraka?

Tazama maandishi. Helvetica ni ya mwaka 1957, Arial ya 1982. Times New Roman ilitoka mwaka 1932, kwa hiyo kuwepo kwake si kosa, lakini kwenye hati inayodaiwa kutoka mashine ya taipu ni kosa: mashine ya kawaida humpa kila herufi upana sawa, "i" na "m" hukaa chumba kimoja.

Watu hupenda kuandika kila karatasi ya Kijerumani kwa herufi za kale za Kigothi. Kumbe chama cha Nazi chenyewe kiliamuru Januari 3, 1941 ziachwe. Mabango na fomu za zamani ziliendelea kuonekana, lakini amri mpya ya mwaka 1944 yenye herufi hizo inatia shaka. Kalamu ya wino wa kuviringika mfukoni mwa askari wa kawaida ni kosa pia; nchini Marekani kalamu hiyo iliuzwa madukani kuanzia Oktoba 1945.

## Makosa ya uwanjani na mezani

18. Nianze kutazama wapi nikitaka kuona makosa ya mwendelezo?

Kwenye vitu vinavyobadilika vyenyewe: sigara, glasi, mshumaa, damu, saa ya ukutani na vifungo vya kola. Mazungumzo ya dakika mbili huweza kupigwa kutwa nzima, kwanza kamera ikiwa kwa huyu, kisha kwa yule. Msimamizi wa mwendelezo hupiga picha na kuandika kila kitu, lakini mhariri akipenda uigizaji wa mara ya saba kuliko wa mara ya tatu, jeraha litasogea na hakuna atakayemzuia.

Kosa tamu zaidi ni picha iliyogeuzwa. Mhariri hugeuza kulia kuwa kushoto ili askari waendelee kukimbia upande uleule. Komeo la bunduki linahamia kushoto, saa inahama mkono, vifungo vya koti vinafunga upande mwingine na namba kwenye gari zinasomeka kinyume.

Theluji ya karatasi haiyeyuki kwenye kope na pumzi haitoi mvuke. Msitu wa Bastogne katika Band of Brothers ulijengwa ndani ya jengo la ndege Hatfield, Uingereza. Huko walifanikiwa, lakini wengi huumbuliwa na pumzi.

Mifululizo mirefu hukwama kwenye kalenda. Vita vya Korea vilidumu miaka mitatu, lakini M*A*S*H, tamthilia ya hospitali ya kijeshi katika vita hivyo, ilirushwa miaka kumi na moja, 1972 hadi 1983. Mhusika wake, Kanali Potter, anaripoti kambini Septemba 1952. Miaka kadhaa baadaye kipindi kingine kinamwonyesha akiwa pale tangu mkesha wa mwaka 1951. Hakuna namna ya kuyapatanisha.

## Watu halisi na yenye utata

19. Tamthilia ikikosea kuhusu mtu halisi, inakuwaje?

Mfano unaotajwa kila mara ni Albert Blithe katika Band of Brothers. Maandishi ya mwisho wa kipindi yalisema hakupona majeraha yake na akafa mwaka 1948. Ukweli ni kwamba alibaki jeshini, akatumikia Korea na akafariki Desemba 1967. Kosa lilitoka kwa wenzake wa kombania, ambao waliamini kwa dhati kwamba amekufa. Kumbukumbu ya mkongwe ni ushahidi mzuri wa alichokiona, dhaifu kwa asichokuwepo; rekodi za utumishi zingelimaliza suala.

Joseph Liebgott, katika tamthilia hiyohiyo, ameonyeshwa kuwa Myahudi. Alikuwa Mkatoliki. Na kambi ya mateso ya Kaufering IV, karibu na Landsberg, ilifikiwa kwanza na Divisheni ya 12 ya vifaru Aprili 27, 1945. Askari wa Divisheni ya 101 walifika siku iliyofuata. Tamthilia iliwapa ugunduzi huo watu wa Easy, kombania ya Divisheni ya 101 inayofuatwa na hadithi, kwa kuwa ndio tuliowazoea. Kwa kipimo cha swali la 1 huo ni uamuzi, lakini ni uamuzi unaowanyang'anya wengine historia yao.

20. Kuwaacha watu nje ya picha ni kosa?

Inategemea mahali. Kikosi cha Marekani kilichochanganya weusi na weupe kwa kawaida mwaka 1943 hakina ukweli. Jeshi lilibagua hadi amri ya Rais Truman ya Julai 26, 1948, ingawa mapema 1945 platuni za weusi waliojitolea ziliambatanishwa na kombania za weupe. Lakini kuonyesha barabara za mizigo za Ufaransa mwishoni mwa 1944 bila madereva weusi ni kosa, kwa sababu ndio waliokuwa wengi katika msafara wa Red Ball Express.

Burma ni hivyohivyo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye batalioni za King's African Rifles, ilipita bonde la Kabaw wakati wa masika ya mvua mwaka 1944 na kufika mto Chindwin. Tamthilia ya Burma yenye Waingereza watupu imefuta sehemu kubwa ya jeshi lililopigana pale.

21. Ni vitu gani hulaumiwa bure?

Farasi wa Wajerumani, kwanza kabisa. Jeshi lao liliingia Umoja wa Kisovieti mwaka 1941 na farasi zaidi ya 600,000. Tamthilia inayowaonyesha wote ndani ya malori ndiyo iliyokosea. Malori ya Ford upande wa Wajerumani ni sahihi, yaliundwa Cologne. Mjerumani mwenye PPSh ya Kisovieti ni sahihi. Kuita ndege "Me 109" badala ya "Bf 109" ni sahihi. Majina yote mawili yalitumika wakati huo. Kuacha mikanda ya kidevu ikining'inia ni sahihi pia, kwani Wamarekani wengi waliogopa mlipuko ungewavunja shingo.

22. Nithibitishe vipi kabla ya kulitangaza kosa?

Simamisha picha na uandike dakika na sekunde. Tafuta tarehe na mahali pa tukio ndani ya hadithi yenyewe, si unavyodhani. Kisha uliza maswali mawili tofauti: kitu hiki kilikuwepo? Na kilikuwa kimefika kwa kikosi hiki? Wengi huishia la kwanza. Kwa Waingereza, shajara za vita za batalioni ziko Hifadhi ya Taifa, Kew. Kwa Wamarekani, ripoti za baada ya mapigano ziko kwenye hifadhi yao ya taifa.

Tahadhari na picha za zamani. Maelezo chini yake mara nyingi yaliandikwa miaka mingi baadaye, na nyingine zilipigwa mazoezini. Picha moja inathibitisha kwamba jambo liliwezekana. Haithibitishi kwamba lilikuwa la kawaida.

23. Manukuu ya tafsiri yanaweza kuleta makosa yasiyokuwepo?

Sana, hasa kwenye vyeo. Kapteni wa jeshi la majini analingana na kanali wa nchi kavu, na luteni wa majini wa Uingereza au Marekani analingana na kapteni wa nchi kavu. Mfasiri asiyejua hilo humfanya kamanda wa manowari aonekane mdogo kuliko anaowaamuru. Sikiliza sauti ya asili kabla ya kumlaumu mwandishi.

24. Makosa hurekebishwa baada ya kurushwa?

Yale ya picha, ndiyo, siku hizi. Kikombe cha kahawa kilichosahaulika mezani katika Game of Thrones, Mei 2019, kilifutwa kwenye nakala ya mtandaoni ndani ya siku mbili. Makosa ya mswada hayafutiki kirahisi hivyo, kwa kuwa hadithi imeegemea juu yake. Ukiripoti kosa, taja kama umetazama diski au mtandaoni na lini. Huenda mwenzako anatazama toleo ambalo kosa lako halimo tena.